Kurumbiza wa Mama Peres

Waithaka, Nairobi
2 Machi 2025

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila mafua ya mvua za kwanza yananisumbua kidogo. Natumaini nyote hapo Mwingi hamjambo, na kwamba mguu wa mama, Mwaitu wetu, umepona. Barua hii inakuja na Kiema wa vifurushi, yule wa basi la asubuhi. Ameapa itakufikia Jumanne.

Nimehama Dagoretti. Harufu ya machinjio ilikuwa imeingia hadi kwenye mashati yangu ya kazi, na Wakili ninayemfanyia kazi hapendi karani anayenuka. Sasa nina chumba huku Waithaka, nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, Mama Peres Namalwa, muuguzi mstaafu. Kwao ni Bungoma, lakini yeye na marehemu mumewe walinunua hapa mwaka wa sabini na tisa, wakati ambapo, anasema, jirani wa karibu alikuwa fisi. Siku hizi magorofa yamemzunguka pande tatu. Ndani ya ua wake wa miiba ya kaiyaba, hata hivyo, bado mna milimao, mparachichi mmoja na vichaka ambavyo hataki vikatwe.

Ndani ya vichaka hivyo kuna ndege, na huyo ndiye nilitaka kukuandikia. Mwanzoni nilimdhania shomoro kwa udogo wake. Si shomoro. Ana mstari mweupe juu ya jicho, kama nyusi iliyopakwa chokaa, uso mweusi, na koo la rangi ya chungwa. Anarukaruka chini penye giza la majani, anatikisa mkia, kisha hayupo. Mama Peres hajui jina lake. Anamwita Askari. "Huyo ni mpangaji wangu wa kwanza," aliniambia. "Wewe ni wa pili. Kwa hiyo mheshimu."

Krismasi uliniambia kwamba tangu sindano za kifua kikuu zilipokuharibu masikio, huzikosi sana sauti za watu kama unavyozikosa za ndege wa alfajiri. Nimejaribu basi kumwandika.

Anaanza kabla hakujapambazuka vizuri. Noti ya kwanza iko chini, imevutwa, kama mtu anayebisha hodi akiwa hana hakika kama wenyewe wameamka. Zinafuata tatu za haraka, zinapanda, kana kwamba ameitikiwa "karibu", na chai iko mezani. Kisha kimya, kama pumzi mbili hivi. Anabisha tena, lakini mwisho haufanani na wa kwanza. Hajarudia wimbo uleule hata mara moja tangu nihamie.

Ni ndege gani?

Mwanao,
Musili


Mwingi
11 Machi 2025

Mwanangu Musili,

Barua yako imenikuta nikiwa salama kwa neema ya Mungu. Mama yako anatembea vizuri, anakusalimu, anauliza kama unakula.

Ile sehemu ya sauti nimeisoma mara nyingi. Mama yako aliniona nimefumba macho, karatasi mkononi, akanitikisa bega akidhani nimepatwa na jambo.

Huyo ni kurumbiza. Lakini ni kurumbiza yupi? Huku kwetu, yule wa kando ya mto ana rangi ya chungwa kuanzia koo hadi chini ya mkia. Yule wa huko kwenye baridi, rangi inakomea kifuani na tumbo ni la kijivu. Wewe hukuandika tumbo. Karani mzima! Ndege hatazamwi uso tu kama mgeni wa harusi.

Tafuta daftari. Andika tarehe, saa, mahali, ulichoona kwa macho yako mwenyewe, na nani alikuwepo. Usiandike ulichoambiwa. Weka sahihi yako chini ya ukurasa kama tu una hakika nao. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha darasa la sita, nawe ulikuwa dawati la mbele.

Baba yako,
Nzuki


Waithaka
23 Machi 2025

Kwa Baba,

Habari za siku nyingi? Mafua yameisha. Nafurahi kusikia Mwaitu anatembea. Mwambie ninakula.

Tumbo ni la kijivu. Nimeliona tarehe 15, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa juu ya ndoo, hatua sita kutoka mlangoni kwangu. Mama Peres alikuwepo, lakini miwani haikuwepo.

Nilipoeleza habari hii ofisini, Jacklyne wa mapokezi alicheka hadi akaweka simu chini. "Ati unaandika ndege? Wenzako wanaandikia wasichana."

"Muache," Kivuva akamwambia. "Huyu ameoa huko Waithaka. Bibi ana nyusi nyeupe."

Kivuva ni karani mwenzangu, mtu wa Migwani, karibu ndugu. Simu yake ina kamera nzuri, kwa hiyo Jumapili tarehe 16, saa kumi jioni, alikuja kunipigia picha. Tulikunywa chai kwa Mama Peres. Akapiga picha moja ya ndege, haikutoka vizuri, kisha akazunguka ua wote akipiga nyingine.

"Aisee, Musili. Hii ploti yote ni ya huyu mama pekee yake?"

"Ndiyo."

"Na watoto wake?"

Nilimweleza, kwa kuwa sikuona ubaya. Binti alifariki. Kijana yuko Kanada, na miaka sita hajaandika. Kwao Bungoma waliobaki ni wapwa ambao hawajui hata nyumba iko wapi.

"Hizi picha zikuwe zangu tu," akasema. "Napenda mahali penye miti."

Kitu kimoja nimekiandika kwenye daftari. Kivuva alipokuwa akipita kando ya kaiyaba, ndege aliacha kuimba. Akaanza sauti nyingine ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya chini, ya kukwaruza, kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua kwa kijiko. Hakuacha hadi Kivuva alipotoka getini. Mama Peres alisema hiyo ni sauti anayoitoa akiona paka. Tukatafuta paka hatukumwona.

Sasa wako wawili, na wana kiota. Kiko ndani ya birika la zamani la bati lililofunikwa na mtambaazi ukutani. Mna mayai mawili.

Mwanao,
Musili


Mwingi
1 Aprili 2025

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Mvua imeanza, tumepanda kunde na pojo.

Tumbo la kijivu, basi jambo limekwisha. Umemtambua ndege. Sasa mwelewe.

Watu husema ndege anaimba kwa furaha. Kurumbiza anaimba mpaka. Kila alfajiri anataja kiwanja chake: kuanzia hapa hadi pale ni kwangu, nipo, sijafa. Siku asipoimba, mwingine ataingia. Na ile sauti ya sufuria si ya paka peke yake. Ni ya yeyote anayenyemelea.

Mchunge na kekeo, yule mwenye kifua chekundu anayepiga kelele zikikaribia mvua. Huyo hajengi. Hutagia katika kiota cha kurumbiza. Kifaranga chake kikianguliwa, kabla hakijafungua macho, kinawabeba wenzake mgongoni mmoja mmoja na kuwasukuma nje. Mama anaendelea kukilisha hadi kinakuwa kikubwa mara mbili yake.

Wanafunzi walikuwa wakiniuliza: Mwalimu, kekeo anajuaje kiota kilipo, na kimefichwa vile? Jibu ni kwamba hakitafuti. Anatulia juu ya mti na kumtazama mwenyewe anavyokwenda na kurudi.

Niandikie vikianguliwa.

Baba yako,
Nzuki


Waithaka
4 Mei 2025

Baba,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi mwili ni mzima. Usimsomee Mwaitu.

Nisamehe kwa kunyamaza. Aprili yote nilikuwa nakuandikia habari za kiota. Nimezichana, kwa sababu nikianza na kiota nitamaliza nacho, na jambo lenyewe litabaki tumboni.

Unajua kazi yetu ilivyo. Wakili huleta mikataba mezani, kurasa za mwisho tu, na kusema, "Shahidi, weka sahihi." Mwenye kuuza ameshaondoka, au atakuja kesho. Kila karani hapa mjini anafanya hivyo. Hata hatutazami juu. Tarehe 14 Aprili, saa nne asubuhi, aliniletea kurasa saba. Juu ya moja palikuwa na karatasi nyingine imebanwa kwa klipu, inafunika jina. Nikatia sahihi zote saba. Kivuva alikuwepo, amesimama dirishani.

Tarehe 30 nilikuwa nikipanga nakala kwenye majalada. Nikaliona jina. Peres Namalwa. Kiwanja cha Waithaka, kimeuzwa. Chini yake sahihi ya mwuzaji, herufi za mviringo, nzuri. Na chini ya hiyo, "imewekwa mbele yangu", na jina langu.

Baba, Mama Peres hawezi kushika kalamu. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, hata orodha ya duka huniita nimwandikie. Na asubuhi hiyo ya tarehe 14 hakutoka kitandani. Nimeangalia daftari la ndege: "Saa 12.30. Wanaimba wawili. M.P. amelala, miguu imevimba, nimempelekea maji ya moto."

Nilimuuliza Kivuva. Hakukana. Alisema, "Si ni wewe ulitupeleka? Tulia, na wewe hutasahaulika."

Barua yako ya Aprili nimeisoma mara tatu, ile sehemu ya kekeo.

Mama Peres hajui lolote. Jioni hii ameniita nikaone kiotani. Mle ndani mna kifaranga kimoja, kinajaza birika lote, mdomo wazi. Kurumbiza anasimama juu ya mgongo wake ili amfikie kumlisha. "Tazama Askari wangu alivyozaa mtoto mwenye afya!" akasema. Akanimiminia chai.

Nifanye nini?

Musili


Mwingi
11 Mei 2025

Musili,

Tu wazima.

Mwambie. Leo, ukimaliza kusoma hii. Mwambie yeye kwanza, kisha mwende pamoja kwa polisi, ueleze ulichofanya na usichokiona.

Nimekuuliza tumbo la ndege, ukalitazama. Karatasi ya mtu hukuitazama. Sikulaumu kwa kuogopa. Nakuambia tu kwamba bado kuna siku.

Baba yako


Waithaka
25 Mei 2025

Kwa Baba,

Salamu kwako na kwa Mwaitu.

Sijamwambia. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Nilitaka kumwambia tarehe 17. Nilikuwa nimeshakaa jikoni kwake. Akaanza kunionyesha picha ya marehemu mumewe akichimba msingi wa nyumba, amevaa suti, kwa kuwa ilikuwa Jumapili na hakutaka kupoteza siku. Nikaosha vikombe, nikarudi chumbani.

Tarehe 20 Wakili aliniita na kufunga mlango. Sijui Kivuva alimwambia nini. Hakupandisha sauti. "Musili, umesoma. Ile sahihi ya shahidi ni ya nani?"

"Ni yangu, mkuu."

"Mimi jina langu lipo?"

"Halipo."

"Kwa hiyo kama kuna uongo pale, muongo ni nani?" Akaniambia nirudi kazini, na nifunge vizuri kifungo cha juu cha shati.

Baba, nitafungwa. Nimesoma sheria yenyewe, mistari ile ninaijua kwa moyo. Nina miaka ishirini na minne. Mwaitu atakufa kwa aibu. Wao watasema hawanijui.

Nimewaza labda mnunuzi atabadili nia. Labda kijana wa Kanada atarudi. Wiki hii walikuja watu wawili na kamba ya kupimia, upande wa nje wa kaiyaba. Nilikuwa chumbani, sikuwaona. Niliisikia sufuria ikikwaruzwa, nikajua. Sasa naisikia karibu kila siku. Mama Peres ametega mtego wa paka.

Nipe muda kidogo.

Musili


Mwingi
1 Juni 2025

Musili,

Umemwambia?

Nzuki


Dagoretti
15 Juni 2025

Baba,

Natumaini mko salama. Sikujibu barua yako kwa sababu jibu ulikuwa unalijua.

Nimerudi Dagoretti, karibu na pale pa zamani. Nilihama tarehe 7. Nilimwambia Mama Peres kwamba nimepata chumba karibu na stendi. Alinifungia malimau kwenye gazeti.

Nilihama siku hiyo kwa sababu niliiona tarehe kwenye jalada. Walikuja tarehe 9, Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, na trekta la kubomolea na vijana wenye rungu. Mimi saa hiyo nilikuwa ofisini tayari. Nilifika kabla ya mlinzi, nikakaa ngazini, nikangoja.

Naandika niliyoyaona kwa macho yangu, kama ulivyonifundisha. Tarehe 10, saa kumi na moja jioni, nilipita barabarani. Nyumba haipo. Milimao haipo. Kaiyaba imeng'olewa na kurundikwa. Vitu vyake vilikuwa nje, vimefunikwa turubai: kabati, kitanda cha chuma, picha ya mumewe imegeuzwa uso chini. Yeye hakuwepo. Mwanamke wa genge la mboga alisema alianguka palepale getini akiwauliza karatasi, na watu wa kanisa lake wakambeba hospitalini. Alisema pia, "Alikuwa anaita jina la yule kijana wake mpangaji. Alisema yeye ni karani wa wakili, atawasomea hizo karatasi, atawaambia ni za uongo."

Kurumbiza alikuwa juu ya rundo la kaiyaba. Mmoja. Alikuwa akikwaruza ile sauti bila kupumzika. Sasa hakukuwa na wa kunyemelea isipokuwa mimi.

Nimekaa na kalamu mara nyingi nikijaribu kuandika maelezo ya polisi. Kila mara naandika tarehe vizuri, kisha mkono unakataa. Siwezi, Baba. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe hutaniweka ndani.

Usije. Usimwambie Mwaitu.

Mwanao,
Musili


Jamhuri, Nairobi
29 Juni 2025

Mwanangu Musili,

Salamu. Sikukuuliza kama nije. Niko kwa shangazi yako Wavinya, hapa Jamhuri, tangu juzi. Barua hii nampa yeye, aifikishe mkononi mwako ofisini.

Jana nilikwenda hospitalini kumwona Mama Peres. Upande wa kushoto umelala, lakini akili yake iko wazi kama maji ya kisima. Kwa kuwa mimi sisikii na yeye hawezi kuandika, ilibidi Wavinya akae katikati, akiandika kwenye bahasha anachosema yule mama. Bahasha ninayo.

Nilimwambia mimi ni baba yako. Alifurahi. Aliuliza kama mafua yako yamepona.

Kisha nikamweleza. Nilieleza polepole, kama mtu anayesomea darasa. Wavinya akaandika: "Alijua tangu lini?"

Nikasema, tangu tarehe thelathini Aprili.

Wavinya akaandika tena: "Na amekunywa chai yangu Mei yote?"

Nikasema, ndiyo.

Watu wa kanisa lake wamempatia wakili, mwanamke kijana. Alikuwepo pale wodini. Alisema shida yao ni moja: hakuna ushahidi. Neno la mgonjwa mmoja dhidi ya karatasi iliyopigwa mihuri.

Uliniandikia kwamba mimi sitakuweka ndani. Nilibeba barua zako mfukoni kutoka Mwingi bila kujua kwa nini nimezibeba. Nikazitoa. Zina tarehe, zina saa, zina mahali, zina ulichokiona kwa macho yako mwenyewe na nani alikuwepo. Chini zina sahihi, nayo ni ileile iliyo kwenye mkataba. Yule wakili kijana alizisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye ile ya tarehe 4 Mei, akakaa.

Nimempa nne. Kesho kutwa, Jumanne, saa tatu asubuhi, atazipeleka polisi. Nilimwomba asubiri hadi siku hiyo ili wewe uwe na muda wa kuzitangulia kwa miguu yako. Anayekuja mwenyewe hutazamwa kwa jicho jingine. Hayo ni maneno yake, si yangu. Mimi sikuahidi kitu.

Mama yako anajua. Nilimsomea zote kabla sijaondoka. Alilia, kisha akanipigia pasi shati.

Ile ya kwanza, ya tarehe 2 Machi, sikuitoa. Haina ushahidi wowote ndani yake, ila sauti tu. Hiyo ni yangu.

Nitakungoja hadi Jumanne alfajiri. Nyumba ya Wavinya ni ile yenye geti la kijani, mlango wa pili. Ukija usibishe hodi, sitasikia. Sukuma, uingie.

Baba yako,
Nzuki